Geji Haipimi Hewa: Matatizo ya Kutia Supachaja katika Gari la Michezo Lililoundwa Nyumbani

Utangulizi

Nchini Uingereza, tangu Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alipoanza kuuza gari dogo liitwalo Seven mwaka 1957, watu wengi wamezoea kuunda magari ya michezo katika gereji za nyumbani kwao, ama kwa kununua vipande vilivyotayarishwa kiwandani, ama kwa kuchomelea wenyewe fremu ya mabomba ya chuma na kuipachika injini na giaboksi zilizong'olewa kwenye gari kuukuu. Haki za Seven zilihamia kwa kampuni ya Caterham mwaka 1973, na umbo lake linaendelea kuigwa hadi leo. Kwa kuwa gari la namna hiyo huwa na uzito wa takriban kilo 500 tu, injini ya kawaida hulitosha. Lakini aliyeunda gari kwa mikono yake ni nadra kuridhika, na mara nyingi hatua anayoifikiria baadaye ni kutia supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, ambayo husukumia ndani ya silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo pistoni zingeivuta. Tabo hufanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe huzungushwa na moshi wa ekzosi.

Mhadhara huu unatetea hoja moja, nayo ni kwamba matatizo mengi yanayompata muundaji wa nyumbani hayatokani na ubovu wa supachaja, bali hutokana na kuitegemea geji ya kanieneo, yaani msukumo wa hewa iliyobanwa, kana kwamba inaonyesha kiasi cha hewa kilichoingia katika injini.

Historia Fupi

Pampu iliyozaa supachaja nyingi ilibuniwa na ndugu wawili Wamarekani, Philander na Francis Roots wa Connersville, Indiana, waliopata hataza mwaka 1860, kabla gari la petroli halijakuwapo. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler alisajili wazo la kuilisha injini hewa ya ziada, na kufikia mwaka 1921 Mercedes ilikuwa imeonyesha mjini Berlin magari ya kuuzwa yenye supachaja.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni ule wa Bentley ya lita 4.5, ambayo mwanamashindano Tim Birkin alitaka ifungwe supachaja iliyosanifiwa na Amherst Villiers. Nguvu ya gari la barabarani ilipanda kutoka takriban nguvu 110 za farasi hadi 175, lakini W. O. Bentley, mwanzilishi wa kampuni hiyo, aliupinga mpango huo, kwa kuwa aliona ni salama zaidi kuongeza ukubwa wa injini kuliko kuilazimisha injini iliyopo. Katika mashindano ya Le Mans ya mwaka 1930, magari mawili ya Birkin yenye supachaja yalishindwa kumaliza, na ushindi ukachukuliwa na Bentley Speed Six, yenye injini kubwa isiyo na supachaja.

Kanieneo, Joto na Hewa

Hewa inapobanwa hupata joto, na hewa yenye joto hutanuka, kwa hiyo sehemu ya faida ya kuibana hupotea papo hapo. Supachaja ya Roots huzidisha hasara hiyo kwa sababu haibani hewa ndani yake, bali huihamisha tu hadi kwenye manifoldi, ambako hewa iliyotangulia huirudia kwa kishindo na kuipasha moto. Ikichukuliwa hewa ya nyuzi 27 za Selsiasi, ikaongezwa kanieneo kwa kilopaskali 50, ambazo ni karibu paundi 7 kwa inchi ya mraba, na pampu ikawa na ufanisi wa asilimia 55, hesabu ya fizikia inaonyesha kuwa hewa itatoka ikiwa na nyuzi 94 hivi. Geji itasema kanieneo imepanda kwa nusu, ilhali uzito wa hewa katika ujazo ule ule umepanda kwa asilimia 23 tu. Hewa hiyo ikipitishwa katika kipoza hewa, ambacho ni mfano wa rejeta ndogo, ikashuka hadi nyuzi 45, ongezeko hufika asilimia 41 hivi, bila geji kusogea kwa kiasi cha kutajika.

Geji hupotosha kwa namna nyingine pia, kwa sababu kanieneo ndani ya manifoldi ni kipimo cha kizuizi ambacho hewa inakutana nacho. Fundi akipanua njia za hewa kwenye silinda hedi, au akafunga ekzosi iliyo wazi zaidi, hewa hupita kwa urahisi, nguvu huongezeka, na geji hushuka. Asiyelijua jambo hilo hudhani kuwa mkanda unateleza, akafunga puli ndogo zaidi ili supachaja izunguke kwa kasi, na hivyo akanunua joto badala ya nguvu.

Kugonga, Mafuta na Vipimo

Joto hilo ndilo chanzo cha kugonga, yaani hali ambapo mchanganyiko wa hewa na petroli ambao bado haujafikiwa na mwali wa plagi hulipuka wenyewe, ukavunja ringi, ukatoboa pistoni au kupasua gasketi. Injini iliyosanifiwa kwa mgandamizo wa 10 kwa 1 haina nafasi kubwa ya kuvumilia hewa ya ziada, na ndiyo sababu wasanifu hupunguza mgandamizo, huchelewesha cheche, au hudai petroli yenye okteni ya juu, okteni ikiwa ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kugonga.

Petroli nayo lazima iongezeke. Mchanganyiko uunguao kikamilifu una gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, lakini injini yenye supachaja ikikanyagwa hadi mwisho huhitaji mchanganyiko mzito, karibu 12 kwa 1, ambao pia husaidia kupoza chumba cha mwako. Sensa ya manifoldi ya gari la kawaida haikuundwa kupima kanieneo iliyo juu ya ile ya angahewa. Ikifika kikomo chake, kompyuta ya injini huendelea kupimia petroli ile ile huku hewa ikizidi, na hatari ya kugonga hutokea pale hasa ambapo nguvu ni kubwa kuliko zote.

Mkanda na Oili

Katika mfano uliotajwa wa kilopaskali 50, injini ya lita 2 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika ingetumia takriban kilowati 9, yaani nguvu 12 za farasi, kuizungusha supachaja tu. Mkanda uliozoea kuendesha oltaneta hauwezi mzigo huo usipokumbatia puli kwa upana wa kutosha, na ukikazwa kupita kiasi huua beringi. Vilevile, vali inayopitisha mvuke wa oili kutoka chini ya injini ikikosa kujifunga wakati wa msukumo, hewa huingia huko na kusukuma oili nje kupitia sili.

Hitimisho

Yote haya hayathibitishi kwamba supachaja haifai, kwa maana Caterham yenyewe ilionyesha mwaka 2013 gari la 620R, ambalo injini yake ya Ford ya lita 2 yenye supachaja hutoa nguvu 310 za farasi. Yanathibitisha kuwa utaratibu uliozoeleka, wa kuanza na supachaja, umepinduliwa. Kazi inapaswa kuanza kwa kupima afya ya injini, ifuatwe na upozaji, kisha pampu ya petroli, nozeli na sensa, na supachaja ije mwisho, ikiwa na puli inayoizungusha polepole kwanza. Muundaji asiye na kipimajoto ndani ya manifoldi na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hajawa tayari kuifunga, hata kama geji yake ya kanieneo ni bora kuliko zote.