Injini ya Boti Huhesabiwa kwa Saa, Si kwa Miaka

*Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wenye boti, manahodha na wakazi wa Kaunti ya Nakuru*



Matatu inayotoka Nakuru mjini kwenda Naivasha husafiri kilomita 70 hivi. Ikifika, kila kilomita imeshahesabiwa kwenye dashibodi. Mwenye matatu hiyo anaweza kuwa amekaa nyumbani kwake Section 58, lakini jioni gari likirudi atasoma namba na kujua oili itabadilishwa lini. Hana haja ya kukumbuka, maana gari limemkumbukia.

Abiria wale wale wakishuka Naivasha, wakafika ufuo wa Karagita au wa Kamere na kupanda boti, hali ni nyingine. Injini nyingi ndogo zinazofungwa nyuma ya boti huja bila kipimo cha kuonyesha zimefanya kazi kiasi gani. Wala kilomita hazingesaidia sana. Boti inayokwenda dhidi ya upepo huweza kutumia saa nzima kwa safari ambayo asubuhi ilichukua nusu saa. Njia ni ile ile, lakini injini imefanya kazi mara mbili. Ndiyo maana uzee wa injini ya boti hupimwa kwa saa ilizonguruma.

Jambo hili si geni katika Ziwa Naivasha. Kabla ya viwanja vikubwa vya ndege, ziwa hili lilikuwa mojawapo ya vituo vya ndege za kutua majini zilizosafiri kati ya Uingereza na Afrika Kusini. Injini za ndege, wakati ule na hata leo, hutunzwa kwa kuhesabu saa. Fundi wa ndege haulizi injini ilinunuliwa mwaka gani kabla hajauliza imefanya kazi saa ngapi. Boti ya abiria inastahili swali hilo hilo, kwa sababu injini ikizimika katikati ya ziwa hakuna kando ya barabara pa kuegesha.

Hesabu inayowaponyoka wengi

Vitabu vinavyokuja na injini hizi, kwa kampuni kadhaa, husema sevisi ya kawaida ifanywe kila baada ya saa 100 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Wenye boti wengi hushika sehemu ya pili ya sentensi hiyo. Miezi sita ni rahisi kukumbuka. Saa 100 hazina kalenda.

Chukua mfano wa boti ya watalii inayofanya safari nne kwa siku, kila safari saa moja, siku 26 kwa mwezi. Nne mara 26 ni 104. Boti hiyo imemaliza saa 100 kabla mwezi haujaisha. Mwenye boti akisubiri miezi sita, injini itakuwa imefanya kazi zaidi ya saa 600 kwa oili iliyopaswa kubadilishwa mara sita. Yeye ataapa kwamba anaitunza vizuri, na kwa kalenda yake hasemi uongo.

Sasa chukua boti nyingine inayotoka Jumamosi na Jumapili peke yake, saa tano kila siku. Kwa mwezi wa wikendi nne ni saa 40. Saa zake 100 zitatimia baada ya miezi miwili na nusu. Boti hizi mbili zinaweza kuwa na injini za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, duka moja. Baada ya mwaka mmoja hazina umri sawa hata kidogo. Bila kumbukumbu ya saa, hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho.

Kwa nini Naivasha ni pagumu

Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Lamu. Kwa makadirio ya mafundi, injini ya petroli isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza asilimia 3 hivi ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo, injini inayofanya kazi Naivasha imepungukiwa na karibu moja ya tano ya nguvu zilizoandikwa kwenye kifuniko chake. Nahodha hulipa pengo hilo kwa kufungua mafuta zaidi na kwa muda mrefu. Kabureta isiporekebishwa kulingana na mwinuko, petroli huzidi hewa na plagi huwa nyeusi mapema. Saa moja ya Naivasha ni nzito, na hiyo ni sababu ya kutovuka ratiba hata kwa saa chache.

Kisha kuna gugumaji. Majani na mizizi yake hujizungusha kwenye rafadha, na vipande vidogo huziba matundu yanayovuta maji ya kupoza injini. Tangu maji yalipopanda kwa kasi na kufunika kingo za zamani, kuna miti iliyokauka na nguzo za nyua zilizobaki chini ya maji, nazo hugonga rafadha bila onyo. Kuna viboko. Na kuna upepo wa alasiri, ambao kila mvuvi wa ziwa hili anaujua: asubuhi maji ni kama kioo, lakini kuanzia mchana mawimbi huanza kuinuka.

Hebu mtu afikirie boti yenye abiria saba, saa tisa alasiri, injini imezimika kwa sababu ya impela ya pampu ya maji iliyochakaa. Impela ni kipande kidogo cha mpira, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya injini. Lakini upepo unaisukuma boti kuelekea kwenye mafunjo, na mafunjo ndiyo makao ya viboko. Hapo gharama haihesabiwi tena kwa shilingi.

Namna ya kuhesabu

Njia ya kwanza ni mita ya saa. Ziko mita ndogo za bei nafuu ambazo waya wake huzungushwa mara kadhaa kwenye waya wa plagi. Mita hiyo huhisi cheche na kuhesabu wakati injini inanguruma tu. Ziko pia mita zinazounganishwa na swichi ya ufunguo. Hizo zina kasoro moja: swichi ikiachwa wazi injini ikiwa imezimwa, mita huendelea kuhesabu. Anayenunua aulize ni ya aina gani. Asome pia vizuri namba ya mwisho baada ya nukta. Mita ikionyesha 10.5, maana yake ni saa kumi na nusu, si saa kumi na dakika tano. Kila desimali moja ni dakika sita.

Njia ya pili ni daftari la shule na kalamu. Nahodha huandika tarehe, wakati injini ilipowashwa, wakati ilipozimwa, lita za petroli zilizotiwa, na jambo lolote aliloliona: mtetemo, moshi, au mchirizi wa maji ya kupoza uliopungua nguvu. Jioni hujumlisha saa za siku na kuziongeza kwenye jumla iliyotangulia. Kazi yote haizidi dakika mbili. Daftari liwekwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na kila wiki ukurasa upigwe picha kwa simu na kutumwa kwa mwenye boti. Daftari likianguka ziwani, hesabu haitazama nalo.

Njia ya tatu ni ya petroli, kwa injini ambayo kumbukumbu yake imepotea. Tangi hujazwa hadi alama, boti huendeshwa saa moja kwa mwendo wake wa kawaida wa kazi, kisha tangi hujazwa tena kwa kupima lita. Tuseme zimeingia lita 6. Mwenye risiti za lita 300 anaweza kukisia kwamba injini imefanya kazi saa 50 hivi. Ni makisio tu, lakini ni mahali pa kuanzia.

Aliyenunua injini kuukuu asiyeijua historia yake afanye sevisi kamili sasa, aandike sifuri kwenye daftari, na aanze kuhesabu kuanzia siku hiyo.

Saa zikitimia, nini kifanywe

Kitabu cha injini yenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Kwa jumla, hata hivyo, mpangilio huwa hivi:

Saa 10 hadi 20 za mwanzo: injini mpya isilazimishwe kwenda kwa kasi yote mfululizo. Muda huu ukiisha, oili ya gia hubadilishwa, na oili ya injini pia ikiwa injini ni ya aina yenye oili yake peke yake. Kwa injini ya kuchanganya oili na petroli, kitabu huagiza mchanganyiko mzito zaidi katika saa hizi za mwanzo.

Kila saa 100: oili ya injini, oili ya gia, plagi, chujio la petroli, grisi kwenye viungio, na ukaguzi wa rafadha pamoja na mhimili wake. Rafadha ikishatolewa, kamba za nyavu na nyuzi zilizojificha nyuma yake huonekana. Zikiachwa hukata sili, na maji huingia kwenye gia. Oili ya gia iliyogeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa inasema kwamba maji yameshaingia.

Kila saa 200 hadi 300: impela ya pampu ya maji ikaguliwe na kubadilishwa ikiwa imepasuka au imekakamaa. Penye gugumaji na matope, ni busara kutosubiri mwisho wa muda huo.

Oili iliyotumika isimwagwe ufuoni wala majini. Naivasha ni ziwa la maji baridi, na tangu 1995 limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Samaki wanaouzwa sokoni hutoka humo humo. Oili ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaoikusanya.

Daftari kati ya mwenye boti na nahodha

Boti nyingi haziendeshwi na wenyewe. Mwenye boti yuko mjini, nahodha yuko majini, na kati yao kuna petroli. Shaka huota hapo. Tuseme daftari linaonyesha saa 20 za kazi na injini inajulikana kutumia lita 6 kwa saa: petroli inapaswa kuwa karibu lita 120. Ikiwa zimekwenda lita 160, kuna jambo. Huenda kabureta ni chafu, mpira wa petroli unavuja, rafadha imepinda, au boti ilibeba mzigo mzito dhidi ya upepo. Huenda pia kuna safari ambayo haikuandikwa. Mwenye boti mwenye busara huanza kwa kumwita fundi kabla ya kumwita nahodha mwizi.

Nahodha naye ana faida yake. Injini ikivunjika, mtu wa kwanza kulaumiwa ni yeye. Akiwa na daftari linaloonyesha kwamba alitoa habari ya mtetemo wiki mbili kabla, na kwamba saa 100 zilipita bila fedha za sevisi kutolewa, maandishi yatamsemea. Daftari halimtuhumu mtu mwaminifu, humlinda.

Siku ya kuuza injini pia itafika. Mnunuzi anayeonyeshwa kurasa zenye saa, tarehe na risiti za spea ana sababu ya kulipa bei nzuri kuliko anayeambiwa tu, “Hii haijasumbua.”

Haki ya abiria

Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, KMA, ndiyo yenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini, yakiwemo maziwa ya bara. Lakini ukaguzi huonyesha hali ya chombo siku kilipokaguliwa. Siku nyingine zote ziko mikononi mwa mwenye boti na nahodha. Na ziko kidogo mikononi mwa abiria.

Mkazi anayepeleka familia yake ziwani wikendi ana haki ya kuomba jaketi la kuokoa maisha linalomtosha kila mtu, watoto wakiwemo. Ana haki pia ya kuuliza swali moja zaidi kabla boti haijaondoka: “Injini hii ilifanyiwa sevisi lini, na imefanya kazi saa ngapi tangu hapo?” Nahodha anayefungua daftari na kuonyesha ukurasa ametoa jibu. Abiria wengi wakianza kuuliza, hata wasioandika wataandika, kwa sababu hakuna anayependa kupoteza wateja kwa kukosa daftari la shule.

Hesabu hii haiishii ziwani. Jenereta ya duka na pampu ya kumwagilia shamba pia huzeeka kwa saa, na mwenye kuzihesabu atapata faida ile ile.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye boti, mali ni injini. Roho za watu zimo pia, nazo hazina spea.