Maneno ya Katibu kuhusu gari la ushirika

Ndugu wanaushirika,

Land Rover yetu imelala wiki ya pili sasa, na iliki iko ghalani. Manung'uniko tumeyasikia.

Gurudumu la nyuma lina stadi tano, mbili zimekatika. Wapo wanaosema, "Chomeleeni tu, gari lishuke Muheza." Hatukubali. Stadi ya kuchomelea itakatika tena, na safari hii konani. Hata zile tatu zilizobaki zimebeba mzigo wa tano, hazifai. Zote zigongwe zitoke, mpya ziingizwe kwa nyuma ya habu. Dereva akaze nati kwa kupishanisha pande, kisha akifika Muheza azikaze tena.

La breki ndilo zito. Gari hili la zamani mafuta yake ya breki hupita njia moja kwa magurudumu yote manne. Bomba likitoboka popote, pedali inazama, breki hakuna kabisa. Nasi njia yetu ni mteremko! Tunataka masta silinda ya njia mbili, mbele mbali na nyuma mbali.

Fedha itatoka kwenye mauzo ya iliki, ndiyo. Jamani, juu ya magunia yale hupanda wake zetu na watoto.

Jumamosi saa nane tukutane ghalani. Bei za mafundi wawili zitasomwa, mchague wenyewe.