Elimu ya Awali Ipewe Fungu Lake

Juma hili nazungumzia watoto wadogo wa Bangwe, hapa Kigoma, ambao baba zao huvua dagaa usiku na mama zao huwaanika asubuhi. Saa mbili asubuhi mtoto wa miaka mitano wa nyumba kama hiyo huwa darasani, au huwa mwaloni.

Serikali imekwisha kusema awe darasani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi. Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 shule za umma hazitozi ada, kuanzia awali hadi kidato cha nne. Haya yanastahili pongezi.

Lakini kufuta ada hakujamaliza gharama. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimeachwa kwa mzazi, na mvuvi wa dagaa hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa za mitumbwi hazivuti dagaa, na nyumba hukaa siku kadhaa bila fedha. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Je, mchango wa uji ungetoka wapi? Mwanafunzi mkubwa huvumilia njaa; mdogo husinzia, kisha huacha kuja.

Aidha, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Ni haki. Ila kituo kikifungwa na hakuna darasa karibu, mtoto huyo atarudi mwaloni, kwenye maji.

Mimi naona hapana budi kila halmashauri itenge fungu la awali peke yake: uji, mwalimu aliyesomea kazi hiyo, na vyoo vinavyolingana na kimo cha watoto. Fedha zikichanganywa na za shule ya msingi, darasa lenye mtihani wa taifa litahudumiwa kwanza. Fungu likiwa na jina lake, diwani ataweza kuuliza limekwenda wapi.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Basi gharama ya kumkunja tuibebe sote, asiachiwe mvuvi peke yake.