Mpiga Dramu Hukaa Nyuma

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kwala)

Ndugu zangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti.

Nimetakiwa niseme machache juu ya "Kazi na Maisha". Huenda mlitegemea kwamba mtumishi wa serikali atawaeleza habari za kupanda cheo. Leo nitawaeleza habari za mpiga dramu.

Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye sote tunamjua kwa jina la Remmy, alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, Kongo, katika nchi ya Maniema ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Alifiwa na wazazi angali kijana, na elimu ya darasani hakuipata nyingi. Katika miaka ya sitini aliingia katika bendi ya vijana iitwayo Bantu Success. Huko hakuanza kwa kuimba mbele ya watu wakamshangilia. Alianza akiwa mpiga dramu. Gitaa alijifunza mwenyewe.

Vijana, kazi ya mpiga dramu muielewe. Yeye hukaa nyuma, na usiku kucha anaona migongo ya wenzake. Mguu wake ukiharakisha, waimbaji wanababaika. Ukilegea, wachezaji wanarudi vitini. Akifanya kazi yake sawasawa hakuna amtajaye. Lakini anayekaa pale hujifunza kusikiliza kila chombo, na hujua ni wakati gani wimbo uondoke kwenye maneno uingie kwenye mchemko.

Mwaka 1978 Remmy alikuja Dar es Salaam, akajiunga na Orchestra Makassy. Baadaye akaongoza Super Matimila, akawa mwimbaji wa wanyonge: aliimba kifo, umaskini, na mtu asiye na wa kumtetea. Mwaka 1988 shirika la WOMAD la Uingereza lilitoa Nalilia Mwana, na mwaka 1989 ikafuata santuri ya Songs for the Poor Man katika kampuni ya Peter Gabriel. Gabriel huyo alikuwa mwimbaji wa Genesis, bendi ya roki. Alipoiacha mwaka 1975, wenzake hawakuchukua mwimbaji kutoka nje; walimpa kipaza sauti Phil Collins, mpiga dramu wao. Basi mambo ya aliyekaa nyuma kupita mbele hayakutokea Kindu peke yake.

Ndugu zangu, sasa nakuja kwenye jambo lililonileta.

Mwaka 1990 Remmy aliimba Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu watumie kondomu kujikinga na UKIMWI. Ugonjwa huo ulikuwa umekwisha tambuliwa nchini tangu 1983, kule Kagera. Hata hivyo Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo. Ulionekana hauna adabu. Lakini kaseti hazina mlinzi wa mlangoni. Mpaka sisi tunafika shuleni hapa, katikati ya miaka ya tisini, wimbo ulikuwa midomoni mwa kila mtu.

Nilikuwa na mwenzangu wa dawati moja. Jina lake silitaji, maana wazazi wake wapo. Hakuna aliyemshinda kwa kupiga dawati. Garimoshi la mizigo likipita usiku, alishika mwendo wake kwa vidole kwenye ubao wa kitanda mpaka bweni zima likaitikia. Wimbo wa soksi ulikuwa ndio wimbo wake. Tukicheka, tukiuimba kama mzaha. Mwalimu alipotukuta alituchapa kwa utovu wa adabu. Hakutuuliza kama tunaelewa kinachosemwa. Na kweli tulikuwa hatuelewi.

Mwenzangu alifariki mwaka 2003 kwa ugonjwa huo huo. Mwaka uliofuata dawa za kupunguza makali zikaanza kutolewa bure nchini. Nilikwenda kumwona siku za mwisho. Alikuwa amekonda, lakini vidole vilikuwa vikigonga ukingo wa kitanda. Akaniambia, "Bwana we, wimbo tuliujua wote." Mimi sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Ndugu Mwenyekiti, katika ajenda yetu kuna pendekezo kwamba michango yote ya mwaka huu inunue kompyuta. Sipingi kompyuta. Kwala ya leo si ile tuliyoiacha. Bandari kavu ilizinduliwa mwaka 2025, na makontena yanataka vijana wenye ujuzi. Lakini naomba sehemu ya fedha inunue dramu, magitaa mawili na kipaza sauti, na walimu wawape vijana Jumamosi jioni. Mimi mwenyewe naanza kwa kutoa mshahara wangu wa mwezi mmoja. Tena naomba vijana wanapoimba jambo zito tusikimbilie fimbo. Tukae nao, tuwaulize wanaimba nini.

Remmy alifariki tarehe 13 Desemba 2010, baada ya kuacha dansi na kuimba nyimbo za Injili. Pale Sinza, makondakta bado wanaita kituo "kwa Remmy". Hakuacha shahada wala cheo. Ameacha kituo cha basi na maneno ya kweli.

Nanyi vijana wa kule nyuma, msione haya kukaa nyuma. Sikilizeni tu vizuri. Na wimbo mkiujua, ufuateni.