Pumzi ya Mgonjwa na Asidi ya Damu: Kusoma Dalili Kabla ya Tarakimu

Mada hii inatetea hoja moja: mahali pasipo na mashine ya kupima gesi za damu, na ndivyo vilivyo vituo vingi vya afya vijijini, namna mgonjwa anavyopumua ndiyo kipimo cha kwanza cha asidi mwilini. Hata penye mashine, jibu lake halieleweki mpaka lisomwe pamoja na pumzi hiyo.

Damu ya ateri hudumu katika pH ya 7.35 hadi 7.45, ikitoka nje ya mpaka huo kwa kiasi kikubwa, vimeng'enya na misuli ya moyo huanza kulegalega. Hata hivyo mwili wenyewe huzalisha asidi usiku na mchana. Kwa siku moja, seli za mtu mzima hutoa takriban milimoli 15,000 za kaboni dayoksaidi, nayo ikikutana na maji huwa asidi ya kaboniki. Juu ya hiyo, uchakataji wa protini huacha asidi nyingine isiyotoka kwa pumzi, kama milimoli 1 kwa kila kilo ya uzito. Bikaboneti na protini za damu huifunga asidi papo hapo, mapafu huongeza au kupunguza kaboni dayoksaidi ndani ya dakika chache, na figo hurudisha bikaboneti na kutoa asidi kwa mkojo, kazi inayochukua siku kadhaa kukamilika. Kwa hiyo asidi inapopanda ghafla, mapafu ndiyo hujibu mapema kwa namna ambayo jicho linaiona.

Mtazame mtoto mwenye malaria kali. Kifua kinapanda na kushuka kwa kina, bila kupumzika, na ukiyasikiliza mapafu unayakuta safi. Adolf Kussmaul aliieleza pumzi ya namna hiyo mwaka 1874 kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa mahututi. Kilifi, Kenya, Kevin Marsh na wenzake walichapisha mwaka 1995 uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Walifariki 64, na 54 kati yao walikuwa wamepungukiwa fahamu, au wanapumua kwa shida, au vyote viwili. Tafiti zilizofuata hapohapo zilionyesha kwamba pumzi ile ya kina kwa kawaida ilitokana na asidi kujaa katika damu.

Wapo watakaosema kwamba pumzi ya haraka ni nimonia. Ni kweli mara nyingi, lakini pumzi ya nimonia huwa ya haraka na fupi, kifua hubonyea chini ya mbavu, na oksijeni ya damu huweza kushuka. Ya asidi huwa ya kina, na oksijeni huenda ikawa ya kawaida. Magonjwa haya mawili yanaweza kumpata mtoto mmoja, hivyo penye shaka antibayotiki isizuiwe. Lakini isiwe sababu ya kuacha kutafuta chanzo cha asidi.

Wengine watasema tarakimu ya maabara inaaminika zaidi. Copenhagen, mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio, bikaboneti iliyopanda ilidhaniwa kuwa ni alkali iliyozidi. Bjørn Ibsen alisoma jambo lingine: wagonjwa walikuwa wameshindwa kupumua, kaboni dayoksaidi imejaa, na damu yao ni ya asidi. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekwa kwenye mashine za kupumulia za wakati ule, 27 walikuwa wamefariki. Njia ya Ibsen ya kutoboa koo na kusukuma hewa kwa mkono ilipoenea, vifo vilipungua sana. Kipimo hakikukosea, kilichokosewa ni kukisoma bila kumtazama mgonjwa.

Swali zito zaidi ni hili: kwa nini tusimpe bikaboneti mara moja? Kwa sababu bikaboneti ikikutana na asidi huzaa kaboni dayoksaidi, mzigo mpya kwa mapafu yaliyokwisha kuelemewa, na hushusha potasiamu. Kinachookoa ni kutibu chanzo: artesunate kwa malaria, insulini pamoja na maji kwa kisukari, maji kwa aliyeharisha, damu kwa aliyepungukiwa. Hata maji yana masharti. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, wasiokuwa na ugonjwa wa kuharisha. Waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki ndani ya saa 48 kwa kiwango cha asilimia 10.5 hivi, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Pumzi ya kina inatuambia asidi ipo. Haituruhusu kukisia dawa.

Napendekeza, basi, fomu ya kupokelea wagonjwa mahututi iongezwe nafasi moja kando ya idadi ya pumzi: je, ni za kina au ni fupi? Mhudumu amvue mtoto nguo ya juu, ahesabu dakika nzima, aandike alichokiona. Hakuna kifaa cha kununua, na anayekuta pumzi ya kina apime sukari na wingi wa damu, atafute vimelea vya malaria, na aandae rufaa mapema, kabla fahamu hazijapotea.