Mjumbe Aliyetoka Barazani: Habari za Isaya Mukirane

(Maneno haya yalisemwa mbele ya masheha na waalimu waliokutana Mji Mkongwe, Unguja. Twayapiga chapa kwa ajili ya wasomaji wetu wa mashamba ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya kazi ya mjumbe wa baraza wakati nchi inapogawanyika na vita vikaingia. Nimeona afadhali niwasimulie habari ya mtu mmoja. Jina lake Isaya Mukirane. Alikuwa mwalimu wa shule kama wengi wenu mlivyo, kisha akawa mjumbe wa baraza, kisha akawa mkuu wa dola aliyoiunda mwenyewe mlimani.

Sisi wa Unguja kilima chetu ni Masingini, na mtu hukipanda akashuka kabla jua halijawa kali. Basi na tujaribu kuuwaza mlima wa Rwenzori, ulio mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele chake chapita mita 5,100, na juu yake mna theluji ijapokuwa ikweta i karibu. Mitelemkoni wakaa Wakonzo, na chini, kuelekea mto Semliki, wakaa Waamba. Waingereza walipofanya mkataba na mfalme wa Toro mwaka 1900, makabila hayo mawili yaliwekwa chini yake. Hawakuridhika. Mwaka 1921 wakubwa watatu wa Wakonzo, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walinyongwa kwa kosa la uasi, na habari yao haikusahauliwa mlimani.

Mwaka 1954 Mukirane na wenziwe walianzisha chama cha kuchungua maisha na historia ya Wakonzo. Kwa nje kilikuwa chama cha kuandika habari za wazee tu, na pengine mwanzo wake ndivyo kilivyokuwa. Lakini ninyi waalimu mwajua jambo litokealo watu wanapokutana mara kwa mara, wakachagua katibu, wakaandika yaliyosemwa. Muda si muda huanza kuulizana: kwa nini mkubwa wa mahali petu si mmoja wetu? Kwa nini mtoto husomeshwa kwa lugha ya Kitoro, na lugha ya mamaye haimo darasani?

Kisha uhuru wa Uganda ukakaribia, nao ulitimia tarehe 9 Oktoba 1962. Kila ufalme ulikuwa ukitengeneza katiba yake, na Toro nayo ikafanya hivyo katika baraza lake liitwalo Rukurato, mjini Fort Portal. Mukirane alikuwa na kiti humo, pamoja na Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya na wajumbe wengine wa Wakonzo na Waamba. Walitaka katiba iseme kuwa Toro ni nchi ya makabila matatu yaliyo sawa: Watoro, Wakonzo na Waamba. Mabwana, tazameni udogo wa jambo hili. Hawakuomba fedha wala ardhi ya mtu. Ilikuwa maneno ya kutia katika karatasi. Wakakataliwa. Ndipo wakaondoka barazani, mwaka huo wa 1962, wakadai wilaya yao wenyewe itakayotawaliwa na serikali ya Uganda bila kupitia Toro. Hilo nalo wakanyimwa, na viongozi wao wakakamatwa wakashitakiwa.

Kuondoka barazani si jambo geni kwetu. Wazee waliopo hapa wakumbuka mwaka 1954, wajumbe Waarabu walipojitoa katika Baraza la Kutunga Sheria la Unguja kwa kugombana na serikali ya Kiingereza. Mmoja wao, Sultan Ahmed el-Mugheiry, alirejea kitini pake kinyume cha wenziwe, na mwezi wa Novemba 1955 akauawa. Kadhalika baada ya uchaguzi wa 1995 wajumbe wa chama cha CUF walisusia Baraza la Wawakilishi kwa miaka kadhaa, mpaka ukapatikana muafaka wa 1999. Mjumbe akitoka hufunga mlango kwa ajili ya wale waliomtuma, na mara nyingi hawezi kuufungua peke yake. Siwalaumu wote waliotoka. Mtu akisema mara kumi asisikilizwe, kukaa kwake nako kwaweza kufanywa ushahidi kwamba ameridhika. Ninalotaka mlitazame ni yale afanyayo baada ya kutoka.

Mukirane alipopata nafasi hakurudi mahakamani, alipanda mlimani. Tarehe 30 Juni 1962 ikatangazwa kuwa Rwenzururu imejitenga. Mapigano yakazuka, nyumba zikachomwa, Watoro na Wakonzo waliokuwa majirani wakakimbiana. Mwezi wa Februari 1963 serikali ya Uganda ikatangaza hali ya hatari katika sehemu hizo.

Mlimani, Mukirane alikuwa na mikuki zaidi ya bunduki, lakini alikuwa na jambo jingine alilojifunza katika Rukurato, nalo ni namna serikali inavyoendeshwa. Akaweka mawaziri. Akaweka wakubwa wa sehemu. Kodi zikatozwa, shule zikafunguliwa, barua zikaandikwa kwa jina la dola. Mwanzo aliitwa rais, kisha akaitwa mfalme, Omusinga kwa lugha yao. Hapakuwa na nchi hata moja iliyoikubali dola hiyo, lakini mtu wa mlimani aliyeletewa karani wa kodi mwenye lugha yake aliiona serikali kwa macho.

Kwa maoni yangu kitu kimoja cha Rukurato hakikupanda naye, nacho ni watu wa kumwambia hapana. Baadhi ya wenziwe wa zamani walibaki na shauri la wilaya ndani ya Uganda, na kwa ajili hiyo wakahesabiwa kuwa wasaliti. Yeye aliyetoka barazani kwa sababu wengi hawakuwasikiliza wachache, mwenyewe hakuwa na subira na wachache wake. Mwaka 1963 serikali ilimwomba mwandishi wa Kiingereza, Tom Stacey, apande akasuluhishe, maana alikuwa amesafiri na Mukirane katika milima hiyo mwaka 1954 nao walikuwa marafiki. Mwandishi alipanda, akaonana na watu wa dola, akarudi mikono mitupu.

Mukirane alifariki mwaka 1966, bado yuko mlimani. Mwanawe Charles Wesley Mumbere, aliyekuwa kijana mdogo bado, akarithi ufalme na vita pamoja. Sasa sikilizeni tarehe hii: mwaka 1974 serikali ya Idi Amin ilizigawa wilaya upya, na Wakonzo wakapata wilaya yao na Waamba yao. Lile lililoombwa kwa mdomo mwaka 1962 lilipatikana baada ya miaka 12, na waliokufa katikati hawana idadi ninayoweza kuwatajia.

Mwaka 1982 Mumbere alikubaliana na serikali ya Uganda, akashuka Kasese pamoja na watu wake, silaha zikawekwa chini. Baadaye alikwenda Marekani, na huko alipata kufanya kazi ya kuwauguza wazee. Mwaka 2009 serikali ikamtambua kuwa mfalme wa mila, asiye na jeshi wala kodi. Lakini mwezi wa Novemba 2016 majeshi ya serikali yaliingia katika jumba lake Kasese, watu zaidi ya 100 wakauawa katika siku hizo, naye akakamatwa. Mashitaka yake yalifutwa mwaka 2023.

Masheha, ninyi ndio mnaoletewa malalamiko ya kwanza, kabla hayajafika kwa mjumbe wala kwa waziri. Katika habari yote hii, mimi narudi kwenye siku ile ya Fort Portal, yale maneno machache yalipoletwa mbele ya baraza, na wenye wingi wakaona si kitu. Napenda kujua, lau ingekuwa ninyi mmekaa katika viti vile, mngejibu nini. Nimemaliza, mwenye neno na aseme.