SPIRITI NI YA NGOZI, SI YA TUMBO

(Maneno aliyosema mwakilishi wa wafanya kazi wa machinjio mbele ya wanachama, Alupe)



Nimeombwa niseme juu ya ugonjwa uletwao na panya. Madaktari huuita leptospirosisi. Wenzetu wa Tanzania huuita homa ya mgunda. Ulipozuka Lindi mwaka 2022 uliwapata watu 20, na 3 wakafa.

Hapa Alupe watu wa utafiti si wageni. Zamani palikuwa na kituo cha ukoma, na leo ipo KEMRI. Mwaka 2012 watafiti walizunguka machinjio 142 ya magharibi mwa Kenya, wakapima damu ya wafanya kazi zaidi ya 700. Katika kila 100, watu kama 13 walikuwa na alama ya kwamba mdudu wa ugonjwa huu amekwisha kuwaingia. Wenye vidonda, waoshao matumbo, na wale walao au wavutao sigara pale pale kazini ndio walioonekana kuwa hatarini zaidi.

Mdudu huyu hukaa katika figo za panya, na za ng'ombe na nguruwe pia. Hutoka na mkojo, akaingia kwetu kwa mkato wa kisu, kwa macho au kwa kinywa. Homa yake hufanana na malaria. Ikizidi, macho huwa manjano, na ini na figo huharibika.

Wako wasemao kikombe cha chang'aa huua wadudu mwilini. Si kweli. Spiriti ya hospitali, ya asilimia 70, humwua mdudu huyu juu ya ngozi au meza. Lakini penye damu na mafuta haifanyi kazi vizuri: sabuni na maji kwanza. Pombe inywewayo haimponyi mgonjwa. Humwongezea taabu ini lile lile. Dawa ni doksisaiklini au penisilini, kwa amri ya daktari, na mapema.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga. Basi tudai gambuti, glavu, sabuni, na mitego ya panya. Nasi tufunge vidonda, tusile penye kuchinjia. Ukishikwa na homa, mwambie daktari kazi ufanyayo, asidhani ni malaria tu.

Mmoja akidai gambuti ataambiwa atafute kazi kwingine. Tukidai sote, tutasikizwa.